Kidude Kinachomchongea Dereva

Kilianza kulia tulipoiacha Makambako. Mlio mwembamba wa kukera, tii-tii-tii, kama simu iliyosahaulika kwenye mkoba wa mtu aliyelala. Nilikuwa siti ya pili nyuma ya dereva, basi la usiku la Mbeya kwenda Dar es Salaam, na kwa kuwa siku hizi nina ugonjwa wa kuwasha programu ya kupima mwendo kwenye simu kila nikipanda basi, nilichungulia: kilomita 94 kwa saa, wakati mwisho wa basi ni 80. Dereva akalegeza mguu, kikanyamaza. Hazikupita dakika mbili kikaanza tena.

Mama mmoja wa makamo aliyekuwa amejifunika kitenge gubigubi akafunua uso.

"Dereva, hicho kidude kinalia."

Dereva kimya.

"Dereva, nasema kinalia!"

Kijana wa siti za nyuma akadakia: "Mama, mwache mtu afanye kazi yake, tunawahi."

"Unawahi wapi usiku huu? Kariakoo imefungwa."

Watu wakacheka. Konda hakucheka. Alinyanyuka, akachomoa kitambaa cha kufutia vumbi chini ya dashibodi, akakizungushia kile kisanduku na kukaza fundo. Kikaendelea kulia, ila sasa kwa sauti ya kuku aliyefunikwa tenga.

Kampuni siitaji. Atakayesoma hapa na kujitambua, basi amejitambua.

Kidude chenyewe wengi tunakiita VTS, mfumo wa kufuatilia mwenendo wa magari. Kilianza kufungwa kwenye mabasi ya mikoani enzi za SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri wa nchi kavu na majini, na mamlaka mpya, LATRA, ilipozaliwa 2019 ikakirithi pamoja na mambo mengine ya usafiri wa ardhini. Ndani yake hakuna miujiza. Kuna kipokezi kinachosikiliza setilaiti, angalau nne kwa wakati mmoja, kikajua basi liko wapi na linakwenda kasi gani. Na kuna laini ya simu kama hii yako, inayotuma taarifa hizo kwenye kompyuta za mamlaka. Mkifika porini kusiko na mtandao, kinaziweka kumbukumbu, mtandao ukirudi kinazimwaga zote. Baadaye kikaongezewa kitufe cha utambuzi. Kila dereva ana chake, anakigusisha kabla ya kuondoka, ili isiwe tu "basi namba fulani lilikimbia" bali "fulani bin fulani ndiye aliyelikimbiza". Bila kugusisha, kelele haziishi.

Zingatia kitu kimoja ambacho abiria wengi wanakichanganya: VTS haimzuii dereva. Basi linaweza kufika 120 na kidude kisiguse breki wala pampu ya mafuta. Kazi yake ni kuchongea tu. Kinamchongea kwa abiria kwa kulia, na kwa mamlaka kwa kuandika.

Mjomba wangu aliendesha mabasi barabara hiyohiyo kwa zaidi ya miaka 20. Sasa amestaafu, analima viazi Uyole, na goti lake la kulia, lile la mguu wa mafuta na breki, haliwezi kukunjika vizuri. Alikiwahi kidude hiki mwishoni mwishoni mwa kazi yake. Nilipokwenda kumsalimia kabla ya safari hii nilitegemea atakitukana, maana madereva wa rika lake hutukana karibu kila kitu kilichokuja baada ya Scania za zamani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Unaondoka na basi la usiku? Kaa nyuma ya dereva, usikae mbele kushoto."

Huo ndio ushauri wake tangu niko darasa la tatu. Nikamuuliza habari za VTS. Akafikiri, akajikuna goti.

"Kile kidude kiliniokoa," akasema. "Si ajali. Kiliniokoa na watu."

Akanieleza. Zamani dereva alikuwa na mabosi watatu wasioonana. Wa kwanza mwenye gari, aliyetaka basi lifike mapema, lioshwe, ligeuze. Wa pili konda, ambaye riziki yake ilikuwa abiria wa njiani, na abiria wa njiani huchukuliwa na basi lililotangulia. Wa tatu, na ndiye mkali kuliko wote, abiria. "Nyie," akasema akininyooshea kidole kana kwamba mimi ndiye abiria wote wa Tanzania. Ukienda taratibu unaambiwa unaendesha mkokoteni, unaulizwa kama umebeba mayai, na wenzako wakikupita basi zima linaguna kwa aibu. Anakumbuka abiria waliomchangia hela ya soda kwa sababu alilipita basi la kampuni pinzani pale Mikumi. Na hakumbuki hata siku moja mtu aliyemchangia soda kwa kufika salama.

"Sasa kidude kilipokuja, mtu akipiga kelele, namwonyesha tu. Nasema, mzee, si mimi, ni hiki. Kinaandika. Basi, anakaa."

Nimeifikiria sana hiyo kauli. Katika habari zote nilizosoma kuhusu VTS, kidude kinazungumziwa kama askari anayemlinda abiria dhidi ya dereva. Mjomba aliniambia kinyume chake: kwa dereva mwenye nia njema, kilikuwa kisingizio cha kumkatalia abiria bila ugomvi. Kabla yake, mwendo ulikuwa suala la ujasiri na heshima ya mwanaume. Baada yake ukawa suala la mashine, na mashine haina heshima ya kupoteza.

Vijana mliozoea mabasi ya usiku huenda hamjui ligi. Kwa takribani miaka 30, tangu miaka ya 1990, mabasi ya abiria yalizuiwa kusafiri usiku kucha. Sababu ilikuwa ajali, na utekaji pia katika baadhi ya maeneo. Mabasi ya Bukoba na Kigoma yakawa yanalala njiani na watu wake, wengine wamejikunja juu ya mizigo. Ila kwa sisi wa Mbeya matokeo yalikuwa mengine. Stendi ya Ubungo ilifunguliwa alfajiri kama zizi, mabasi yote yakatoka kwa pamoja saa 12, yote yanaelekea njia moja, yote yana siku moja tu ya kumaliza safari. Ukiwakusanya madereva wenye hasira na injini kubwa kwenye mstari mmoja wa kuanzia na kuwaambia jua lisiwazamie, umewapangia mashindano. Marufuku iliyowekwa kupunguza ajali ikawa inagawa haraka kwa kila basi kila asubuhi. Nilikuwa mtoto, na nakiri niliipenda. Tulikuwa tunajua mabasi kwa majina kama timu za mpira.

Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena safari za usiku, na hoja mojawapo iliyotolewa ilikuwa hiyohiyo VTS: sasa tunaliona basi lilipo hata saa nane za usiku. Stendi nayo ilikwishahamia Mbezi Luis tangu 2021, na mabasi yakatawanyika kwenye saa 24. Mimi naamini kutawanyika huko kumeua ligi kuliko kengele yoyote, ingawa kengele ndiyo iliyofungua mlango.

Sasa turudi kwa yule kijana wa nyuma, "tunawahi". Nilikuwa na usiku mzima wa kupiga hesabu, nikapiga. Mbeya hadi Dar ni kama kilomita 830. Ungeweza kwenda 80 bila kusimama, ungetumia saa kumi na dakika ishirini na kitu. Mabasi hutumia 12, 13, wakati mwingine 14. Kwa hiyo saa mbili au tatu haziliwi na kengele. Zinaliwa na vibao vya 50 kila kijiji, mizani, mlima Kitonga nyuma ya lori lililopakia mbolea, Mikumi penye tembo na matuta, chakula, na kile kipande cha Chalinze hadi Mbezi ambacho hakuna setilaiti iliyowahi kukisaidia. Tuseme njia nzima ina kilomita 300 za lami iliyonyooka ambapo dereva anaweza kukanyaga hadi 110 bila kukutana na mtu. Kwa 80 atazimaliza kwa saa 3 na dakika 45. Kwa 110, saa 2 na dakika 44. Kijana amepata saa moja na dakika moja, ambayo ataitumia yote kugombea bodaboda pale Mbezi.

Na bei ya hiyo saa ni hii. Basi la 80 linatembea mita 22 kila sekunde; la 110 linatembea mita 30 na nusu. Mpe dereva sekunde moja na nusu ya kushtuka na kufika kwenye breki, mpe lami kavu na breki nzima: la kwanza litasimama baada ya mita 80 na kitu, la pili linahitaji karibu 140. Weka uwanja wa mpira. Ng'ombe amesimama kwenye goli la mbali na wewe unaanza kumwona ukiwa goli la huku. Kwa 80 unasimama kabla ya boksi, unampigia honi, unamtukana mwenye ng'ombe. Kwa 110 umeshapita goli, umepita wavu, uko jukwaani kwa watazamaji.

Sisi si wa kwanza kuhangaika na jambo hili, na inafurahisha kuona kila jirani alivyochagua mtego wake. Kenya walianza na kumkaba dereva mwenyewe. John Michuki, akiwa Waziri wa Uchukuzi, alitoa kanuni mwishoni mwa 2003, na Februari 2004 matatu zikalazimika kuwa na mikanda ya usalama, mstari wa njano ubavuni na kidhibiti mwendo kisichoruhusu kupita 80. Wakenya hadi leo wanasema "sheria za Michuki" hata wasiojua mtu huyo alikuwa nani. Kidhibiti ni kitu cha chuma, na chuma kina fundi wake. Haikuchukua muda mafundi wa mitaani wakajua kukilegeza. Rwanda nao waliweka vidhibiti, kali zaidi, kilomita 60 kwa magari ya abiria, kisha wakajaza kamera barabarani. Wanyarwanda wakazipa kamera hizo jina la Sofia, kwa heshima ya yule roboti wa kike aliyepelekwa Kigali mwaka 2019. Nakupenda Kigali, lakini jina hilo ningetamani lingekuwa letu. Sisi tuna tochi, ile rada ya mkononi ya kupimia mwendo, na askari wake nyuma ya mwembe.

Ila jaribio ninalolipenda kuliko yote halikuwa na waya hata mmoja. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walibandika stika ndani ya matatu za Kenya zikiwaambia abiria wapaze sauti dereva akiendesha hovyo. Kampeni ilikuja kuitwa Zusha! Stika, karatasi ya gundi. Katika utafiti wao mkubwa zaidi, madai ya bima kwa matatu zenye stika yalipungua kwa robo hadi theluthi. Inaonekana abiria wengi wanaogopa kimyakimya, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake mwenye roho ndogo, hadi wapate kitu kinachowaambia kwamba kupiga kelele kunaruhusiwa.

Ndiyo maana yule mama wa kitenge alinivutia. Sidhani kama alikuwa amepima mwendo. Alikuwa amelala. Kilichompa mdomo ni ule mlio. Hakusema "dereva unakimbia", kauli ambayo angejibiwa kwamba yeye anajua nini kuhusu udereva. Alisema "kinalia", na hapo hakuna wa kumbishia, maana basi zima lina masikio. Mjomba alikitumia kidude kuwanyamazisha abiria. Mama amekitumia kumsema dereva. Kidude ni kilekile. Na ndiyo maana pia kitambaa cha konda kiliniudhi kuliko zile kilomita 94. Taarifa za kwenye kompyuta hakuzigusa, setilaiti zinaendelea kuandika. Alichokifunga ni ile sehemu inayosema na sisi.

Kuna wanaofanya makubwa kuliko kitambaa. Wapo wanaochomoa waya, na LATRA imewahi kuzifungia ratiba za alfajiri kampuni zilizobainika kuchezea mfumo. Ni adhabu nzuri kwa sababu inagusa mfuko wa mwenye gari, ambaye ndiye bosi namba moja wa mjomba. Faini ya tochi ni shilingi 30,000, unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu, unaendelea. Ratiba ikifungwa haulipii kwa simu.

Turudi barabarani. Tulipokaribia Mafinga ukungu ulishuka, ule mzito wa kwenye misonobari ya Sao Hill, na mbele yetu kulikuwa na lori la magogo linatambaa mlimani. Nyuma yake basi jingine, halafu sisi. Dereva akawasha indiketa ya kulia. Nikaangalia simu: 61. Akatoka upande wa kulia na kuanza kuyapita yote mawili, mlima uko mbele, hakuna anayeona ng'ambo ya kilele. Simu ikasoma 66, 70, 72. Taa zikatokea juu, mbili, kubwa. Nilisikia mtu akianza "Baba yetu uliye" na asimalize. Tuliingia kati ya lori na basi kwa nafasi ambayo sitaki kuikadiria, honi za watu watatu zikilia kwa mpigo.

Kidude kilikuwa kimya. Chini ya kitambaa chake, kimya kabisa, kwa sababu kwa hesabu zake kila kitu kilikuwa sawa. Tulikuwa chini ya 80.

Basi zima halikusema neno. Hata mama. Alijifunika kitenge na kugeukia dirishani. Nami sikusema, na ninaandika hapa kwa sababu sikusema. Nilikuwa na programu, nilikuwa na hesabu zangu za uwanja wa mpira, nilikuwa na stika za Georgetown kichwani, na nilipotakiwa kupaza sauti nilisubiri kitu kilie kwanza.

Wapo wanaosema teknolojia mpya itaziba hilo pengo: kamera zinazomwangalia dereva kama anasinzia, rada inayokataa kuovateki kwenye kona. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024, kila gari jipya linalouzwa lazima liwe na kifaa kinachosoma kibao cha mwendo na kumkumbusha dereva. Magari hayo yatatufikia yakiwa mitumba, na vifaa vyake vitatukuta na vibao vya 50 vilivyogongwa na kulala majanini. Sipingi. Ila kwa barabara ya njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, yenye malori ya Zambia na Kongo kutoka Tunduma usiku na mchana, naona kipande cha tatu cha lami kwenye kila mlima kingetufaa kabla ya rada. Lami nayo ni teknolojia, tumeizoea tu.

Lipo tokeo moja la kengele ambalo hakuna aliyelipanga. Dereva asiyeweza kuiba dakika kwenye mwendo anaziiba kwingine, na kwingine ni kwetu. Zamani ukisema "dereva, tuchimbe dawa" basi lilisimama kando ya kichaka, wanaume huku, wanawake kule. Siku hizi unaombwa uvumilie hadi kituo cha chakula, na kituoni unapewa dakika kumi. Tuliteremka Ruaha Mbuyuni, kwenye mibuyu, saa sita na nusu usiku. Foleni ya choo ilikuwa ndefu kuliko ya chipsi. Yule kijana wa "tunawahi" alikuwa wa mwisho kurudi, anakimbia na mfuko wa kuku mkononi huku konda akigonga ubavu wa basi, na mama wa kitenge akamwambia kwa sauti ya upole kabisa, "Pole mwanangu. Si ulisema tunawahi?"

Kitonga tulikuwa tumeiteremka salama, gia ya pili, dereva amekunja mdomo. Pale alikuwa dereva mwingine kabisa, makini, kila kona na honi yake. Sijui ilikuwa ni Kitonga yenyewe iliyomtisha au ni yale magogo ya Mafinga yaliyobaki kichwani.

Mbezi tuliingia saa 12 na dakika kumi asubuhi. Watu wakagombea mizigo. Konda akafungua lile fundo, kisanduku kikabaki kinamulika kataa kake kadogo ka kijani, akashuka na kitambaa chake na kuanza kufuta wadudu waliokufa kwenye kioo cha mbele. Basi lilikuwa linageuza saa tatu.